Midhat Pasha: Liwali Aliyeziketisha Wilaya Saba Katika Baraza Moja

Katika safari yangu ya Hija nilipata nafasi ya kupanda mlima kwenda Taif. Wenzangu na mimi tuliswali katika msikiti wa Abdallah bin Abbas, tukaonyeshwa bustani za komamanga na za mawaridi, tukakumbushana jinsi watu wa mji huo wa zamani walivyompiga mawe Mtume wetu (s.a.w.) alipowaendea kwa wema. Kisha tukateremka Makka, kila mmoja na chupa yake ya marashi. Hakuna aliyetwambia, wala mimi sikuuliza, kwamba katika mji ule ule aliwahi kufungwa na kunyongwa mtu ambaye mara mbili alikuwa Waziri Mkuu wa Dola ya Uthmaniya, iliyokuwa dola yenye nguvu kuliko zote za Kiislamu katika zama zake. Jina lake ni Midhat Pasha.

Nilikuja kumjua baadaye, tena kwa njia nyengine kabisa. Nilikuwa nimekwenda kuangalia masoko mawili mapya, mahali ambapo sitapataja. Serikali mbili za mitaa, zilizo jirani, zilikuwa zimejenga kila moja soko lake, hatua chache kutoka kwenye mpaka, huku na huku. Barabara ya kuyaunganisha haikutengenezwa, kwa kuwa kila upande ulidai kuwa ni kazi ya mwenziwe. Masoko yote mawili yalikuwa matupu, na wavuvi na wakulima walikuwa wakiuza bidhaa zao chini ya mkwaju, kama walivyofanya babu zao. Niliporudi mjini nilimsimulia jambo hilo mwalimu wangu wa zamani wa chuoni. Hakunijibu kitu. Alinyanyuka, akatafuta katika sanduku lake la vitabu, akanipa kitabu kikuukuu cha Kiarabu cha tarehe ya Baghdad, akaniambia nikasome habari za liwali mmoja. Basi namleta liwali huyo kwenu leo, wasomaji wapenzi, kwa kuwa naona ana la kutufaa.

HAFIDH WA MIAKA KUMI

Midhat Pasha alizaliwa Istanbul katika mwaka wa 1822. Jina alilopewa na wazazi wake ni Ahmed Şefik. Baba yake alikuwa mtu wa sheria, akifanya kazi ya naibu wa kadhi katika miji mbali mbali, na asili ya jamaa zake ilikuwa ni mji wa Rusçuk, kando ya mto Danube. Mtoto aliihifadhi Kurani nzima alipokuwa na umri wa miaka kumi, na tangu hapo watu wakawa wanamwita Hafidh Şefik.

Alipoanza kuwa barobaro alitiwa katika afisi za Diwani ya Sultani ili ajifunze ukarani. Neno hilo si geni kwetu. Sisi humwita diwani mtu tuliyemchagua akatusemee katika baraza, na watunzi hukiita diwani kitabu cha mashairi; asili ni moja. Katika Diwani ile kulikuwa na ada ya kumpa karani mpya lakabu, kama vile watunzi wa magazetini wanavyojipa zao. Yeye alipewa lakabu ya Midhat, nalo ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya sifa. Lakabu ikalifunika jina, na hivyo ndivyo alivyojulikana mpaka kufa.

Alifanya kazi ya ukarani katika Sham na katika miji ya Anadoli, akaonekana kuwa ni mtu mwepesi wa kufahamu na mzito wa kuchukua rushwa. Alijifunza Kifaransa akiwa mtu mzima. Katika mwaka wa 1858 alipewa ruhusa akasafiri Ulaya kwa muda wa miezi sita, akatembelea Vienna, Paris, Brussels na London. Wengi wa rika lake waliokwenda huko walirudi na nguo mpya na namna mpya ya kula. Yeye alirudi akiwa ameangalia barabara, benki, viwanda na mabaraza ya miji.

NCHI ILIYOKIMBIWA NA WATU WAKE

Katika mwaka wa 1861 alipewa cheo cha uwaziri akapelekwa kuwa liwali wa Niš, mji ambao leo uko katika Serbia. Nchi ile ilikuwa na rutuba lakini ilikuwa imechoka. Njia zilikuwa mbovu, wezi wa mabarabarani walikuwa wengi, na wakulima Wakristo walikuwa wakivuka mpaka na kuhamia Serbia kwa jirani. Ukusanyaji wa ushuri wa mazao ulikuwa ukiuzwa kwa matajiri. Mtu akiilipa serikali fedha zake mbele, kisha akaenda mashambani kujirudishia zake na zaidi. Liwali mwenyewe aghalabu hakai muda mrefu. Akisha kuijua nchi huondolewa. Na kila mji ukiutazama mji wa pili kama mshindani.

Jambo la kwanza alilolifanya Midhat Pasha halikuwa kutoa amri. Aliwaita wazee na wakubwa wa nchi, Waislamu na Wakristo, akawaketisha pamoja na kuwauliza ni nini kinachowafukuza watu. Jawabu alizozipata zilikuwa ni zile ambazo mkulima yeyote duniani angezitoa: kodi isiyo na kiasi, njia isiyopitika, na mkopo usiolipika. Basi akaanza na hayo matatu. Aliipunguza na kuipanga kodi, akajenga barabara na madaraja kwa kuwashirikisha wenyeji, na akawakamata wezi wa njiani. Mayatima waliokuwa wakirandaranda mijini, wa dini zote mbili, aliwajengea nyumba ambamo walisomeshwa na kufundishwa ushoni, ushonaji viatu na kazi nyengine za mikono. Nyumba ile ya kwanza ilifunguliwa Niš katika mwaka wa 1863.

SANDUKU LA PIROT

Katika mwaka huo huo wa 1863, katika mji mdogo wa Pirot, alianzisha jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, ingawa siku ile halikuwa na mizinga wala bendera. Mkulima wa nchi ile, mbegu zikimwishia au ng'ombe wake wa kulimia akifa, hakuwa na pa kukimbilia ila kwa mkopeshaji wa mjini, naye alikuwa akimtoza riba iliyoweza kumla shamba lake. Midhat Pasha alitengeneza mfuko wa wakulima wenyewe, akauita kwa Kituruki Memleket Sandığı, yaani Sanduku la Nchi. Hata hapa neno ni letu: sandık yao na sanduku yetu zimetoka katika kisima kimoja cha Kiarabu.

Swali lilikuwa ni fedha za kuanzia zitoke wapi. Serikali ya Istanbul ilikuwa na madeni na haikuwa na cha kutoa. Matajiri hawakutaka. Basi alitafuta ardhi iliyokuwa haina mlimaji, akawaomba watu wa vijiji wailime kwa ujima, kila nyumba ikitoa siku chache za kazi. Wakapanda mahindi, wakavuna, mavuno yakauzwa, na fedha zilizopatikana zikatiwa katika sanduku. Sanduku lilitiwa mikononi mwa wasimamizi waliochaguliwa na wenyeji, Waislamu na Wakristo pamoja. Mkulima alikopa kwa kuweka rahani au kuleta mdhamini, kwa muda wa kuanzia miezi mitatu mpaka mwaka, akalipa na ziada ya moja kwa mia kila mwezi, ambayo ilikuwa ni ndogo sana kuliko ile ya wakopeshaji. Sehemu ya faida iliongeza rasilimali ya sanduku, na sehemu ilikwenda kwenye shule, madaraja na njia za vijiji vile vile.

Najua hapa msomaji wangu atanikatiza. Ataniuliza vipi mtu aliyeihifadhi Kurani akatoza ziada juu ya mkopo. Swali ni la haki, na mimi niliyekaa chuoni miaka yangu siwezi kulipita kama kwamba sikuliona. Nitasema tu kwamba wanavyuoni wa Kituruki walikuwa wamekwisha kujadiliana kwa mamia ya miaka juu ya wakfu wa fedha taslimu uliokuwa ukikopeshwa kwa ziada, wengine wakiuruhusu na wengine wakiukataza kabisa, na yeye aliirithi nchi ambayo jambo hilo lilikuwa likifanyika mbele ya makadhi. Mimi si mufti. Ninalolichukua kwake si ile moja kwa mia. Ninachukua lile shamba la mahindi. Watu waliokuwa hawana kitu walifanya rasilimali kutokana na jasho la siku chache, na kwa sababu rasilimali ilikuwa ni jasho lao, waliilinda.

WILAYA SABA, BARAZA MOJA

Habari za Niš zilifika Istanbul. Katika mwaka wa 1864 serikali ilitoa sheria mpya ya majimbo, naye alikuwa ni mmoja wa walioitengeneza, pamoja na Fuad Pasha. Ili sheria ijaribiwe, majimbo matatu ya zamani, Niš, Vidin na Silistra, yaliunganishwa kuwa jimbo moja kubwa la Danube. Makao yake yalikuwa Rusçuk, mji wa wazee wake, ambao leo unaitwa Ruse na uko katika Bulgaria. Midhat Pasha akawa liwali wake wa kwanza.

Jimbo lilikuwa na wilaya saba: Rusçuk, Varna, Vidin, Tulça, Tırnova, Sofia na Niš. Wilaya hizo zilikuwa hazifanani. Varna ilikuwa na bandari ya bahari, Rusçuk na Vidin zilikuwa na mto, Sofia na Niš zilikuwa bara, na Tulça ilikuwa kwenye mdomo wa Danube ambapo watu wa mataifa mengi walichanganyika. Kabla ya hapo kila moja ilizoea kuzungumza na Istanbul peke yake. Sheria mpya ilianza chini kabisa, kijijini, ambako mukhtari alichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Ikapanda kwenye mabaraza ya wilaya, ambamo Waislamu na wasiokuwa Waislamu walikuwa na viti. Na juu ya yote likawekwa baraza kuu la jimbo, lililokutana mara moja kwa mwaka. Kila wilaya ilipeleka wajumbe wanne, wawili Waislamu na wawili wasiokuwa Waislamu. Kwa wilaya saba hao ni watu 28.

Baraza hilo halikuwa la kutunga sheria za dola, wala halikuwa na nguvu ya kumwondoa liwali. Kazi yake ilikuwa ni kusema barabara ipi itengenezwe kwanza, daraja lipi limeanguka, ushuru upi unaua biashara, na mazao ya wilaya hii yatafikaje kwenye soko la wilaya ile. Yaonekana ni mambo madogo, lakini mpaka siku hiyo mtu wa Sofia hakuwa na mahali pa kukaa na mtu wa Varna wakazungumza njia ya ngano kutoka kwa mmoja mpaka kwenye meli za mwenziwe. Jifya moja haliinjiki chungu, wasema wazee wetu. Liwali huyu aliyatafuta mafya akayaweka pamoja.

Matokeo yalionekana upesi. Katika miaka mitatu na kitu barabara ziliunganisha miji ya jimbo, na madaraja mengi ya mawe yakajengwa. Kulianzishwa kampuni ya magari ya farasi ya kubeba abiria na mizigo, na idara ya meli za moshi katika mto Danube, ambao mpaka hapo biashara yake ilikuwa zaidi mikononi mwa meli za Austria. Reli ya kutoka Rusçuk mpaka Varna ilifunguliwa mwaka wa 1866. Hiyo ilijengwa na kampuni ya Kiingereza na wala si kazi yake, lakini barabara zake ndizo zilizoilisha mizigo. Sanduku la Pirot likaigwa katika kila wilaya, na katika mwaka wa 1867 serikali ikatoa kanuni ya kulieneza katika dola nzima.

Jambo jengine, ambalo mimi kwa kazi yangu siwezi kuliacha, ni gazeti. Katika mwaka wa 1865 lilitoka Rusçuk gazeti lililoitwa Tuna, nalo ndilo jina la Danube kwa Kituruki. Lilichapwa kwa lugha mbili, Kituruki na Kibulgaria, ili watu wa jimbo wasome habari moja kila mmoja kwa lugha yake. Kijana mmoja aliyefanya kazi katika gazeti hilo alipendwa na liwali hata akapewa jina lake, naye ndiye Ahmed Midhat Efendi, aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi mashuhuri wa Kituruki.

Miaka hiyo hiyo jimbo lilipokea maelfu kwa maelfu ya wakimbizi Waislamu, hasa Wacherkesi waliofukuzwa makwao na Warusi katika mwaka wa 1864. Walifika na maradhi na njaa. Midhat Pasha aliwagawa katika vijiji, akawapa ardhi na vifaa vya kulimia. Hapo pia pana lawama, kwani mara nyingi mzigo wa kuwajengea nyumba wageni hao uliwaangukia wakulima wa Kibulgaria, na chuki ikabaki.

Wala sitaficha upande mwengine wa mtu huyu. Vikosi vya Wabulgaria waliotaka uhuru vilipovuka mto katika mwaka wa 1867, aliwapiga bila huruma na kuwatundika wengi kwenye miti ya kunyongea. Aliamini kwamba shule moja, barabara moja na baraza moja zitawafanya watu wa dini mbili kuwa raia wa dola moja. Wabulgaria wengi hawakuamini hivyo; walikuwa wakitaka nchi yao. Barabara nzuri ni kitu kimoja na kujitawala ni kitu chengine, na yeye hayo mawili hakuyatenga vizuri.

BAGHDAD NA TENDE ZA BASRA

Katika mwaka wa 1868 aliitwa Istanbul aongoze Baraza jipya la Dola. Hakuelewana na Waziri Mkuu Âli Pasha, na mwaka uliofuata, 1869, akapelekwa mbali: Baghdad. Wakati ule jimbo la Baghdad lilikuwa ni karibu Iraki yote, pamoja na Mosul na Basra.

Hapa habari zinakuja karibu na kwetu. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walikuwa wakiijua Basra kwa tende zake. Majahazi yaliondoka kule na kaskazi yakiwa yamejaa tende, yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti za mikoko. Bibi yangu hakusema tende peke yake; kwake yeye zilikuwa ni tende za Basra, hata kama zimetoka kwengine. Basi liwali wa Danube sasa alikuwa ndiye liwali wa mitende ile, wakati ambapo Unguja Sayyid Barghash alikuwa yu karibu kukalia kiti, alichokipata katika mwaka wa 1870.

Alifanya Baghdad yale aliyoyafanya Rusçuk. Aliweka mabaraza ya miji, akaanzisha gazeti la Zawra katika mwaka wa 1869, kwa Kiarabu na Kituruki, nalo ndilo gazeti la kwanza la Iraki. Alifungua shule ya ufundi na hospitali, na akaongeza meli za moshi katika mito ya Dijla na Furati ili mazao ya bara yafike Basra. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka huo huo wa 1869, naye aliona mara moja kwamba Basra na Istanbul sasa zimekuwa ni bandari za njia moja. Kutoka Baghdad mpaka Kadhimiya, ambako mahujaji wa Kishia huzuru kaburi la Imam Musa al-Kadhim, aliweka njia ya reli ya magari ya kukokotwa na farasi. Fedha zake zilitoka kwa watu wa Baghdad walionunua hisa. Magari hayo yaliendelea kubeba watu kwa miongo mingi baada ya yeye kuondoka.

Lakini huko pia alikosea, na kosa lake linafundisha. Alitaka mkulima awe na hati ya ardhi anayoilima, akiamini kuwa mwenye hati atapanda miti na kuchimba mifereji. Watu wa makabila waliiogopa hati, kwa sababu waliona kuwa jina likishaandikwa na serikali, litafuatwa na kodi na uaskari. Masheikh wakubwa na matajiri wa mjini hawakuogopa. Wao waliandikisha majina yao, na mkulima akajikuta yu mpangaji katika ardhi ya babu zake. Hakuwa na muda wa kufanya kama alivyofanya Niš, kuketi na kuuliza kwanza. Alibomoa pia kuta za kale za Baghdad akitaka kuupanua mji, akaondoka kabla ya kujenga alichokikusudia, na mpaka leo wako wanaozisikitikia kuta hizo.

Katika mwaka wa 1872, alipoona Istanbul inamkatia fedha na kumfunga mikono, alijiuzulu.

KITI CHA JUU NA GEREZA LA TAIF

Mwaka huo huo Sultani Abdulaziz alimfanya Waziri Mkuu. Hakumaliza miezi mitatu. Katika mwezi wa Mei 1876 alikuwa ni mmoja wa wakubwa waliomuuzulu Sultani huyo, ambaye siku chache baadaye alionekana amekufa, mishipa ya mikono imekatwa. Sultani Murad aliyefuata aliugua akili akatolewa, na Abdulhamid wa Pili akakalia kiti. Midhat Pasha akawa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, na katika tarehe 23 Desemba 1876 ikatangazwa katiba ya kwanza ya Dola ya Uthmaniya, yenye Bunge la watu wa dini zote. Lile baraza la wilaya saba alikuwa amelichukua akataka kulifanya la dola nzima.

Mwezi wa Februari 1877 Sultani alimwondoa na kumpandisha meli kwenda uhamishoni Ulaya. Mwaka uliofuata, baada ya vita na Urusi, jimbo la Danube lilivunjika. Sehemu kubwa ikawa Bulgaria, na Niš ikachukuliwa na Serbia. Alirudishwa baadaye, akawa liwali wa Sham kutoka 1878 mpaka 1880, ambako alihimiza shule na masoko. Soko moja kubwa la Damascus linaitwa kwa jina lake hadi leo. Kisha akapelekwa Izmir. Huko, katika mwaka wa 1881, alikamatwa, akahukumiwa Istanbul kwa tuhuma ya kumuua Sultani Abdulaziz, katika kesi ambayo wanahistoria wengi hawaioni kuwa ilikuwa ya haki. Hukumu ya kifo iligeuzwa kifungo, akapelekwa Hijaz, katika ngome ya Taif. Huko, katika mwaka wa 1884, alinyongwa ndani ya gereza usiku. Alikuwa na umri wa miaka 61. Mifupa yake ilikaa Taif mpaka mwaka wa 1951, ilipochukuliwa na serikali ya Uturuki ikazikwa upya Istanbul.

KILICHOBAKI

Nimeyahesabu aliyoyajenga, nikaangalia ni lipi lililobaki. Katiba ilifungiwa kabatini katika mwaka wa 1878 ikakaa humo miaka 30. Jimbo alilolipanga halipo. Mabaraza yake yalitegemea liwali mwenye moyo, na liwali alipobadilishwa, mengi yalirudi kuwa mahali pa kupiga mihuri. Magari ya farasi yamekwisha, na meli zake zimekuwa chuma chakavu.

Lakini lile sanduku la Pirot halikufa. Masanduku yalipoenea yalitiwa chini ya usimamizi mmoja, na katika mwaka wa 1888, miaka minne baada ya mwenyewe kunyongwa, serikali ya Sultani yule yule iliyageuza kuwa Benki ya Kilimo, Ziraat Bankası. Benki hiyo ingali hai, nayo ni miongoni mwa benki kubwa kabisa za Uturuki. Yenyewe huhesabu umri wake tangu mwaka wa 1863, yaani tangu yale mahindi ya Pirot.

Nafikiri tofauti ni hii. Baraza lilitoka juu kwa amri, na amri ikiondoka baraza hulegea. Sanduku lilitoka chini, na kila kijiji kilijua ni siku ngapi kimelima ili lijae. Liwali mwema anaweza kuwaketisha majirani pamoja, na hilo ni jambo kubwa, kwani bila ya yeye watu wa Sofia na wa Varna hawangejuana. Lakini asipowaachia mikononi mwao kitu ambacho wao wenyewe wamekichangia, siku akiondoka kila mmoja hurudi kwenye upande wake wa mpaka.

Sisi hapa Pwani tuna kaunti sita tangu mwaka wa 2013, na kaunti hizo zina jumuiya yao ya kukutana. Baraza basi lipo. Kila nikikumbuka yale masoko mawili matupu na wauzaji chini ya mkwaju, najiuliza shamba letu la mahindi liko wapi, na ni nani atakayekuwa wa kwanza kulishikia jembe pamoja na jirani yake.

Nikijaaliwa kufika Taif tena, nitawauliza wenyeji ngome ile ilikuwa upande gani. Nitasimama hapo kidogo, nimsomee Fatiha hafidh yule wa miaka kumi. Mola amsamehe makosa yake, ampokee mema yake, na atujaalie nasi kuyatambua.